Miguu ya Baba Chini ya Gari

Wenzangu mliosoma wakati ule wa kwenda shule na kuni begani na kidebe cha maji mkononi, nyinyi mtanielewa. Utoto wetu kule Nunguni, kwenye vilima vya Ukambani, ulikuwa wa baridi, tena wa woga. Tuliogopa fisi, ambaye hatukuwahi kumwona. Tuliogopa mwalimu wa hesabu, ambaye tulimwona kila siku. Tuliogopa ukungu uliposhuka kutoka kilimani ukameza njia, hata mtu akikohoa mbele yako hujui kama ni jirani au ni kitu kingine. Lakini mimi nilikuwa na woga mmoja zaidi ambao watoto wa majirani hawakuwa nao. Niliogopa gari la Baba.

Baba alikuwa dereva Nairobi miaka mingi, akimwendesha tajiri mmoja mwenye kiwanda. Tajiri alipofariki, watoto wake hawakulitaka gari lake la zamani, wakampa Baba kama shukrani. Ndivyo gari kubwa la Kijerumani, rangi ya maziwa, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao, lilivyopanda vilima vyetu na kuja kuishi chini ya mparachichi wetu, karibu na jiko la moshi na zizi la mbuzi. Watu walikuja kulitazama kama wanaokuja kuona mtoto mchanga. Susu, mama yake Baba, alipopanda kutoka Tawa kuja kututembelea, aliingia kiti cha nyuma akakataa kutoka. Alisema hajawahi kuketi mahali pasipomuuma mgongo, kwa hivyo chai aletewe humo humo. Akaletewa.

Shuleni walituita watoto wa mdosi. Mdosi gani! Mimi na kaka yangu Kioko tulikuwa tunatembea miguu mitupu kwenye tope jekundu, na kaptura ya Kioko ilikuwa na viraka viwili nyuma kama macho ya bundi. Lakini Jumapili tulikwenda kanisani tukiwa tumekalia ngozi, tukinusa ile harufu ya petroli na viti vya kitajiri, Mama akiwa mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, amenyooka kama mke wa waziri.

Shida ni kwamba gari lilikuwa limezeeka, na mafundi wa sokoni walijua pick-up za kubeba kabichi tu. Wakifungua boneti ya lile gari, walikuwa wanakuna kichwa na kuifunga tena kwa heshima. Basi Baba akawa fundi wake mwenyewe, pale pale nyumbani. Alichojua alikijua kwa kutazama mafundi wa Nairobi wakati akimsubiri tajiri wake, na asichokijua alikitafuta kwa kufungua. Sisi watoto tulikuwa tunaosha nati na bolti kwa mafuta taa ndani ya sufuria iliyovunjika mpini, na mikono ilinuka hata tukila isyo jioni, mahindi na maharagwe yote yalikuwa na ladha ya mafuta taa. Nilijua majina ya spana kabla sijajua table ya kuzidisha ya nane. Watoto wa siku hizi ukiwauliza spana ni nini, watakwambia ni emoji.

Mama hakulipenda gari hata siku moja. Alipenda kwenda kanisani nalo, hilo nakubali, lakini hakulipenda.

"Baba Kioko, hilo lilizoea lami," alikuwa akisema. "Milima hii hailijui. Siku moja litakumaliza."

"Gari ni kama ng'ombe," Baba alijibu kila mara. "Ukimtunza, naye atakutunza."

"Mimi ng'ombe namkamua nikiwa kando. Sijawahi kumlalia chini ya tumbo."

Hapo ndipo palikuwa na woga wangu. Baba akitaka kurekebisha kitu chini ya gari, alilipandisha na jeki, akaweka mawe na kipande cha gogo, kisha akalala chali juu ya gunia na kujisukuma mpaka akamezwa. Kilichobaki nje kilikuwa miguu yake, ndani ya gumboots nyeusi. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mzizi wa mparachichi nikiitazama. Mguu ukitikisika, napumua. Ukitulia sana, natafuta swali.

"Baba, samaki hulala?"

"Hulala." Sauti yake ilitoka huko chini imebanwa, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Wakilala hawazami?"

"Mwende, nipe spana ya kumi na nne."

Nilikuwa namuuliza maswali ya kijinga siku nzima, na alidhani nina akili ya udadisi. Haikuwa akili. Nilitaka tu kusikia sauti.

Hata safari zilikuwa na woga wake. Tukishuka kwenda Tawa kumwona Susu, ile barabara inajikunja na bonde liko wazi upande mmoja, mimi na Kioko tulikuwa tunakanyaga sakafu kwa nguvu zote, kana kwamba kila mmoja ana breki yake. Mama aliomba kwa sauti, macho ameyafumba. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akipiga mluzi.

Kwa sababu gari lilikuwa zuri, kila bibi harusi wa ile kanda alilitaka. Mwaka mmoja, likizo ya Agosti, ilikuwa zamu ya Mbithe, binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Baba akakuta oili ya breki imechuruzika kwenye majani. Paipu moja nyembamba ya chini ilikuwa imepasuka. Mama alimwambia awaambie watu wa harusi watafute gari lingine.

"Nimewaahidi," Baba akasema. "Na siwezi kumshusha mtoto wa watu huo mlima bila breki. Wacha nibadilishe hii paipu."

Kulikuwa na yale manyunyu ya Agosti ambayo hayaishi, ukungu umekaa chini, udongo umelowa mpaka ndani. Baba alimtuma Kioko sokoni kuchukua oili ya breki. Mama alikuwa nyuma ya jiko akitwanga muthokoi, mahindi ya kutoa maganda, nasi tulisikia mchi ukipiga kinu, du, du, du. Baba alitoa gurudumu la mbele, akaingia chini. Nami nikakaa mahali pangu.

Miguu ikatulia. Nikatafuta swali.

"Baba, bibi harusi akitaka kwenda choo, hilo gauni lote analiweka wapi?"

Alicheka. Nilisikia kicheko chake kikigonga vyuma. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayesonya, na nikaona jiwe lililobeba jeki likizama kwenye tope upande mmoja. Jeki ikainama polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta. Gogo likachomoka. Gari zima, na urembo wake wote, likakaa chini.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Miguu ilirusha teke, gumboot moja ikatoka, nikaona soksi yake yenye tundu kwenye kisigino, halafu vidole vikakunjwa ndani ya soksi na kunyooka na kukunjwa.

"Baba?" Niliinama. "Baba!"

Nilipiga nduru. Mchi ukanyamaza. Mama alitokea akikimbia, unga wa maganda mikononi, akajitupa kwenye tope akatazama chini ya gari. Uso wake ulipoinuka sikuutambua. Alishika bampa akavuta juu, shingo ikamtoka mishipa, na gari halikusikia hata kama limeguswa. Ndipo naye akapiga nduru. Wenzangu mnajua nduru ya mwanamke wa Ukambani kwenye vilima. Inavuka bonde, inagonga upande wa pili, inarudi ikiwa mbili.

Ng'ambo ya kijito, wanawake walikuwa wamekusanyika kwa kina Mbithe wakimenya viazi vya harusi. Niliwaona wakitoka kwenye ukungu mmoja mmoja, wakiteremka mbio, wengine wakiwa bado wameshika visu. Hakuna aliyesimama kuuliza ni nani au ni nini. Mama Mbithe, mama wa bibi harusi, alikuwa mbele, mwanamke mnene aliyekuwa akiimba sauti nzito kwenye kwaya. Alitazama mara moja tu.

"Wekeni visu kando! Shikeni hapa chini, wote! Mama Kioko, wewe shika miguu. Tukiinua, vuta!"

Wakashika. Gari likapanda kidogo, chuma kikalia, na kutoka chini nikasikia Baba akivuta pumzi, pumzi mbaya yenye sauti ya gunia linalopasuka. Mama akavuta, lakini koti la Baba lilikuwa limenasa mahali. Miguu ya wanawake ilianza kuteleza kwenye tope. Mmoja alianguka kwa magoti.

"Limetushinda!" akalia.

"Halijatushinda! Hakuna anayeachilia!" Mama Mbithe alinguruma. "Kitu cha kuweka! Mtu alete kitu!"

"Mwende, kinu!" Mama akapiga kelele.

Sijui nilifikaje nyuma ya jiko. Kile kinu sikuwahi kuweza kukisogeza. Nilikiangusha, muthokoi yote ikamwagika, nikakiviringisha kwenye mteremko, na mwanamke mmoja akakipokea kwa mguu na kukisukuma chini ya gari. Gari likakaa juu ya kinu. Kikalia kwaa, lakini kikashika. Mama akaingia nusu mwili huko chini, nami nikawa nashika sketi yake nikidhani naye atamezwa, akachana lile koti kwa kisu cha viazi, na wakamtoa Baba.

Alikuwa na rangi ya jivu. Alifungua mdomo. "Harusi," akasema. "Breki..."

"Nyamaza," Mama akamwambia. "Pumua."

Mwenye pick-up ya kabichi alimpeleka hospitali, amelazwa juu ya magunia, Mama amemshika kichwa. Kioko alirudi na mkebe wa oili akakuta tope lililovurugwa na gumboot moja. Mama Mbithe aliacha viazi vyake na wageni wake akatupeleka kwake, akatulisha, akatuambia tuombe. Lakini hakuna aliyetuambia kama Baba atapona, kwa sababu hakuna aliyejua. Simu hazikuwepo. Habari ilikuja na mtu, na kama mtu hajaja, unakaa na woga wako, unautazama.

Kesho yake Mbithe alikwenda kanisani kwa miguu. Alipandisha gauni mpaka magotini, akavaa gumboots za baba yake, na wanawake wakamzunguka wakiimba. Tulikuwa katikati ya ibada mwenye pick-up aliposimama mlangoni na kofia mkononi. Mchungaji akafunga kitabu. Nilijibana kwa Kioko, nikafumba macho.

"Mzee yuko hai," yule mtu akasema. "Mbavu zimevunjika. Lakini asubuhi amekunywa uji, na anauliza nani amemwendesha bibi harusi."

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Nafikiri Mbithe ndiye bibi harusi wa pekee aliyewahi kulia kwa sauti harusini kwake kwa sababu ya mbavu za dereva.

Mlidhani Baba aliliacha gari? Nami nilidhani. Alipopata nguvu, siku moja nikamwona anatandika gunia. Nilikimbia kumwita Mama, nikitumaini atamzuia. Mama alikuja, akasimama, akamtazama sana.

"Mama Kioko," Baba akasema bila kugeuka, "nikiliogopa leo, hata barabara nitaiogopa kesho."

Mama hakubishana. Alikwenda kwa seremala, akarudi na vipande vinne vya mti mgumu vilivyokatwa sawasawa, akavipanga mwenyewe chini ya gari, akapiga kila kimoja teke. Kisha akaleta kigoda na ungo wa maharagwe, akakaa karibu na miguu ya mumewe, akaanza kuchagua. Tangu siku ile hakuna mara Baba aliyoingia chini ya gari bila Mama kuketi pale. Hakuuliza maswali kama mimi. Alikuwa akiongea habari za kanisa, za mbuzi, za bei ya mahindi, na kila baada ya muda anasema, "Ama namna gani, Baba Kioko?" Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anatafuta sauti.

Baba alizeeka vizuri, akatutoka akiwa kitandani mwake na wajukuu wamemzunguka. Gari lilichukuliwa na kijana mmoja wa Nairobi anayependa magari ya zamani. Alikuja akijirekodi kwa simu, akalizunguka, akafungua boneti, akauliza mashine ya kompyuta ya kupima gari inachomekwa wapi. Kioko akamwambia, "Kijana wangu, hii inachomekwa hapa," akamwonyesha mikono yake miwili.

Mimi sasa naishi Kitui mjini. Gari langu likiwa na shida linawasha taa, nalipeleka gereji, nakaa kwenye kiti cha plastiki natazama televisheni mpaka niitwe. Watoto wangu hawajui kuogopa gari, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nyumba ina geti la chuma, na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Tuko salama kuliko tulivyowahi kuwa.

Juzi, saa ya chakula cha mchana, nilisikia nduru upande wa pili wa ukuta. Mara moja tu, kisha kimya. Nilitazama simu. Kwenye grupu la mtaa mtu alikuwa ameshauliza, "Nani anapiga kelele?" na mwingine ametuma picha ya mikono inayoomba. Nilitafuta ufunguo wa geti, nikatoka, nikakimbia mpaka kwa jirani. Ilikuwa mtoto amebana kidole mlangoni, si kitu kikubwa, baadaye tulicheka. Lakini hilo nililijua baadaye. Kabla ya hapo nilisimama nje ya lile geti refu nikigonga kwa ngumi, na nikafungua mdomo nimwite mwenye nyumba, tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, na sikuwa na jina la kuita.