Kondoo Asiyeuzwa

Nimepanga chumba Katesh, kwenye nyumba ya familia ya wafanyabiashara. Kwao king'amuzi kinalipiwa hata kama sukari imeisha, na sikukuu watoto wanapelekwa kula chipsi, nguo zimenyooshwa kama za maharusi. Baba yangu, mkulima wa Mogitu na mzee wa kanisa, akisikia hayo hutikisa kichwa. "Sisi hatuna hela ya burudani," husema.

Mwongo mkubwa, Mungu anisamehe. Kila siku ya mnada wa Katesh alioga, akavaa koti la Jumapili, akamswaga dume letu la kondoo hadi mjini. Akiulizwa bei, alitaja ya ndama. Watu walicheka, naye akapata kisa cha kubishana nao mpaka jua likageuka, kisha akala nyama choma na kurudi na kondoo wake. Mama alimpa pole kwa soko baya. Mbegu zilipanda bei, sare za wadogo zangu zikachanika, kondoo hauzwi.

Siku moja nilikuwa naye mnadani. Baba mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akitafuta kondoo wa akika ya mjukuu, akauliza bei. Baba akaitaja kwa sauti, watu wasikie.

"Haya, namchukua."

Baba akamvuta kondoo kwake. "Lakini nyama yake ngumu huyu."

"Tuna meno, ndugu yangu."

Mashahidi walikuwa tele, na mzee wa kanisa hageuzi kauli mbele za watu. Akauza. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mnada uliofuata nilikuwa nyumbani Mogitu. Baba alikaa mlangoni ananoa jembe lililokwisha kunolewa. Koti amelivaa, kondoo hana. Kicheko kiliniisha, nikamwonea huruma kweli. Mtu mzima wa kwetu hawezi kusema anataka tu kwenda kutembea.

Mama akatoka zizini akivuta mbuzi anayechechemea. Baba akainuka haraka, akanyoosha mkono apokee kamba. Mama hakumpa. Ndipo nikaona amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani.

"Leo zamu yangu," alisema. "Miaka yote hii nakupa pole, na mimi sijala hata mshikaki mmoja. Maharage yako jikoni. Na usihofu, bei niliyompangia huyu hakuna mwenye akili atakayeitoa."