Nilivyokataa Bei ya Kwanza

Kazi yangu ni kubishana kwa niaba ya watu. Wafanyabiashara kutoka Kongo wakishuka basi nawapokea, nawapeleka maduka ya vitenge pale Old Kampala. Wao wanachagua rangi, mimi napambana na bei. Mwenye duka anaongea Kiganda, mteja Kiswahili, mimi nimesimama katikati kutwa. Kila jora nahesabu mikunjo mara mbili, maana ile mara ya kwanza mwenye duka anakupigisha soga makusudi.

Mwaka jana nilichoka, ule uchovu unaolala nao ukaamka nao. Jirani yangu hapa Kisugu akaniambia kuna ghala linatafuta karani. Kiti, feni, chai ya saa nne. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Meneja wa ghala alikuwa kijana mpole. Aliuliza, nikajibu, akaridhika, akataja mshahara. Haukuwa mbaya. Lakini mdomo wangu umekulia sokoni, haujui kupokea bei ya kwanza.

"Ssebo, bwana wangu," nikamwambia, "hiyo ni bei ya nyanya za jioni."

Nikachukua mkoba, nikaelekea mlangoni polepole. Kwetu sokoni huko si kuondoka, ni kumpa mwenzako nafasi ya kukuita. Dukani huwa naitwa kabla sijafika kizingiti. Pale nilifika, nikasimama, nikajifanya narekebisha kiatu. Nyuma yangu nikamsikia akiagiza aingie anayefuata.

Nikapanda kilima kurudi Old Kampala. Dukani nikamkuta mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Bukavu, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Dalali mwingine alijitolea kumsaidia, mama akamkatalia. Nikamsimulia yaliyonipata nikitegemea pole. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Dada, mtu wa ofisi umemfanyia mambo ya soko? Wale hawaiti." Kisha akaongeza, "Na mimi ungeniachia nani?"

Miaka yote hiyo nilijua bei ya kila kitu mtaa ule, isipokuwa yangu. Nikakaa kando yake, nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kwa nini asumbuke na safari kila mara? Nitafute chumba kidogo hapo juu ghorofani, nimtumie picha kwa simu, achague akiwa kwake, mimi ninunue, nikague, nifunge mzigo. Wengine nao wangekuja wenyewe kunitafuta, badala ya mimi kuwakimbilia kwenye mabasi alfajiri.

Alifikiri. "Tujaribu mzigo mmoja. Ukiniletea kitenge kinachochuja, nakuja mwenyewe kukufuata."

"Sawa, mama."

Chumba nilikuwa sijakipata, na ngazi za kwenda kukiulizia ni nyingi. Nikasema nitazipanda kesho. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kutukunjia uso, basi nikainuka, tukaanza na jora la kijani.