Baba alivyocheza kadi kudai funguo za duka lake

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Huu uzi unahusu game ya kadi, lakini hata kama hujawahi kushika kadi utanielewa. Sijatia chumvi popote.

Game yenyewe ni ya kujenga deck, yaani rundo lako mwenyewe la kadi. Kila mtu anaanza na kadi chache dhaifu, halafu anatumia hizo kununua kadi bora kutoka kwa mafungu yaliyo mezani. Mafungu matatu yakiisha, game imeisha hapo hapo. Mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

Mimi ni wa mbio. Namaliza mafungu kabla mwenzangu hajajipanga.

Sasa, baba yangu alipata stroke mwaka jana. Ana duka la misumari na rangi pale Kangemi, duka lililotulea mimi na dada yangu Wambui. Alipopata nafuu alirudi kazini, na wiki hiyo hiyo akaondoka jioni akaacha mlango wazi kabisa.

Tukachukua funguo. Nikamleta kwangu Riruta.

Kliniki ya Upper Hill ilituambia tumtafutie kitu cha kuchezesha mikono na akili. Nikatoa kadi zangu kwa woga, maana baba ni mzee wa kanisa, na kwetu kadi zilikuwa kamari tu.

Aliuliza swali moja. "Kuna pesa hapa?"

Nikamwambia hakuna.

"Haya, gawa."

Alipenda kadi za bustani. Bustani kila ikikujia mkononi inakupa pointi moja tu, na sisi tulihesabu pointi kwa punje za maharagwe. Wachezaji wengi huidharau hiyo strategy kwa sababu ni ya polepole mno. Kabla haijazaa, game imeisha. Nilikuwa namshinda kila tukikaa.

Jumapili moja baada ya chakula, Wambui akiwepo, baba akasema, "Leo nikishinda, mtanipea funguo zangu."

Wambui akaniangalia. Maneno ya baba yalikuwa bado mazito mdomoni, lakini akaongeza, "Na usinichezee kama mtoto."

Wakuu, niliumia. Nikimwachia ashinde, namrudishia duka mtu ambaye huenda akaliacha wazi tena. Nikicheza kweli, namnyang'anya duka lake mara ya pili.

Nikacheza kweli.

Mafungu mawili yakaisha. La tatu likabaki na kadi mbili. Mkono wangu ulitosha kununua moja tu, nikainunua. Ile nyingine ningeimaliza zamu inayofuata, na kwa hesabu yangu ningekuwa nimempita.

Sikuwa na wasiwasi. Mtu wa bustani siku zote anataka zamu zaidi, kwa hivyo nilijua atangoja.

Alihesabu maharagwe yake kwa kidole. Akahesabu yangu. Alichelewa hadi Wambui akanyoosha mkono amsaidie, baba akausukuma kando. Halafu akainunua ile kadi ya mwisho.

"Imeisha," akasema.

Alikuwa amenizidi pointi mbili. Angengoja zamu moja tu, angeshindwa.

Nikamletea funguo. Nililia, sitawaficha.

Kesho yake tulimpeleka Kangemi. Alifungua duka mwenyewe, akakaa kwa kiti chake, na kila mteja aliyeingia, baba alimsalimia na kumwambia, "Leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa." Mimi na Wambui tulikuwa tumesimama tu, hatuelewi.

Nikamuuliza, "Baba, si umeshinda? Mbona unafunga?"

"Mimi najua siwezi tena," akasema. "Nilijua hata kabla yenu. Lakini hii duka ni yangu. Si nyinyi wa kunifungia."

Jioni akafunga, akavuta kufuli kuhakikisha, akampa Wambui funguo.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi akianza kupungukiwa, tunakimbilia kumlinda na tunasahau kumuuliza anataka kumaliza vipi. Baba hakuwa anapigania duka. Alitaka tu kuliaga mwenyewe, na ilibidi atushinde kwanza ndipo tumruhusu.

Kama umepitia jambo kama hili na mzazi wako, andika hapa chini ulifanyaje. Hata kama ulikosea, andika tu, nasoma zote.