Mzizi Ambao Runmei Hakuuonja

Xue Runmei alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: mzizi wa huangqi hupewa mtu akiwa mzima, kabla baridi haijamwingia. Homa ikishapanda, mzizi hurudishwa kabatini. "Mwizi akiwa ndani hufungi mlango," alizoea kusema. "Utajifungia naye." Kwetu, milima ya kaskazini mwa Shanxi, tunaamini mzizi huo ni mlango wa mwili. Huzuia upepo wa baridi usipenye, lakini haufukuzi kilichokwisha kuingia. Wengi wanalijua sharti hilo. Wanaolishika linapowauma wenyewe ni wachache.

Runmei aliolewa katika nyumba ya mzee Lian, mjane aliyeacha ujana wake kwenye machimbo ya makaa ya mawe na kurudi na vumbi mapafuni. Kila baridi ilipokaribia, sisi majirani tulinong'onezana kwamba mzee hatauona mwaka mpya. Runmei hakuwa na nafasi ya kunong'ona. Majani yalipoanza kupukutika alimchemshia baba mkwe wake kuku mzee na vipande vya mzizi, tende nyekundu na tangawizi, na hakuacha mpaka barafu ilipoyeyuka mtoni. Mzee akavuka baridi moja, akavuka nyingine. Siwezi kuapa kwamba ni mzizi uliomvusha. Huenda ni mkono ulioupika.

Mwaka ule mvua za vuli zilizidi, na akiba yote ya mizizi iliyokuwa darini ikaota kuvu. Mwingine angeikwangua kuvu na kuendelea kupika. Runmei aliitupa yote jalalani, akamwita shemeji yake Baoshan, mdogo wa mumewe, wakachukua sururu na kupanda mlimani. Tuliwaambia wamechelewa, theluji iko njiani. Hawakugeuka.

Walikuta shina kavu moja, nene, maganda ya mbegu yakichakarika juu yake. Mzizi wa huangqi haung'olewi. Unachimba handaki kando yake na kuufuata kule unakokwenda. Huu ulikwenda chini tu. Kufika adhuhuri Runmei alikuwa amezama hadi kiunoni, na mzizi bado ulikuwa mnene kama mpini wa shoka. Baadaye akazama hadi mabegani. Baoshan, aliyekuwa akipumzika ukingoni, akachungulia.

"Shemeji, unachimba dawa au kisima?"

"Teremsha ndoo uone."

"Ukifika kuzimu nisalimie marehemu mama. Mwambie bado sijaoa."

"Analijua hilo. Ndiyo maana aliondoka mapema."

Kisha upepo ukageuka na theluji ikaanza kuanguka. Baoshan akaacha utani. Alimsihi aukate hapo hapo, kilichopatikana kinatosha. Runmei alimjibu kutoka chini kwamba mzizi uliokatwa ungali ardhini huvuja nguvu zake, na usiku huo ardhi itaganda hadi masika. Alikuwa amevua koti lake la pamba kwa ajili ya jasho. Baoshan husimulia mpaka leo kwamba mvuke ulikuwa ukipanda kutoka mgongoni mwake kama kutoka kwenye sufuria, na theluji ikiyeyuka kabla ya kumgusa.

Ncha ilipotoka ilikuwa nyembamba kama uzi, nzima. Wakaulaza mzizi juu ya theluji. Ulimzidi Baoshan urefu, naye ndiye mrefu kuliko wanaume wote wa kijiji. Waliubeba begani, Runmei mbele, shemeji nyuma, na mkia wake bado uliburuta ukiacha mstari mrefu njiani. Tulitoka majumbani kuutazama. Wazee waliochimba mizizi maisha yao yote waliweka mikono nyuma, wasiuguse. Ulipokatwa, moyo wake ulikuwa wa manjano ndani ya mduara mweupe, kama jua la asubuhi ndani ya ukungu, na harufu ya maharage mabichi ikajaa uani.

Kuku alipoiva, Runmei alikuwa amelala juu ya kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, anawaka homa. Mzee Lian alimletea bakuli mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Hili ni jasho lako."

"Mwizi yumo ndani, baba. Kunywa wewe."

Mzee akaliweka bakuli kando yake. Akasema Runmei asipokunywa, hatakunywa mtu mle ndani, na kwamba masharti yake yatamzika. Mafuta yalipoanza kuganda juu ya supu, Runmei akalisukuma bakuli kwake.

"Baba," akasema, "usipokunywa, lile shimo nililichimbia nani?"

Mzee akalichukua bakuli. Alikunywa yote, akatafuna na vipande vya mzizi, ambavyo kwa kawaida hutupwa.

Asubuhi Baoshan alimpeleka Runmei hospitali ya mjini, amefunikwa mablanketi kwenye mkokoteni wa injini. Ilikuwa nimonia. Aliporudi, homa ilimjia kila jioni, na kila jioni Baoshan alichemsha supu ya mzee kama alivyofundishwa, hatua chache kutoka alipolala mgonjwa. Nilikuwa nikimpelekea uji wa mawele, nikamwona. Sijaona mtu mwingine akikaa karibu hivyo na kitu anachokitamani bila kukinyooshea mkono. Wapo waliosema angekunywa angepona upesi, wapo waliosema angekunywa angekufa. Yeye hakubishana na yeyote.

Barafu ilipoyeyuka, mzee Lian alitembea kwa miguu yake hadi mtoni kuitazama. Pafu la kulia la Runmei halikupona. Hajapanda mlima tena.