Fingo Kwenye Kaunta ya Sonara

Jumanne nilikuwa kwa sonara mmoja hapa Kisauni, nikingoja pete ya mke wangu ipanuliwe, akaingia bwana mmoja anayetafuta vyuma ardhini kwa mashine. Akaweka kwenye kaunta kijisanduku cha fedha kilichozibwa kwa nta.

"Nataka kujua asili yake tu."

Sonara alikigeuza mara moja, akakiweka chini, akafuta vidole kwenye kanzu. "Umekitoa wapi?"

"Mtopanga. Chini ya kizingiti cha nyumba kuukuu iliyobomolewa."

Bibi aliyekuwa amekaa benchini alivuta buibui mpaka puani. "Hilo ni fingo, mwanangu. Lilizikwa mlangoni lilinde nyumba na watu wake. Lirudishe leo hii."

"Kizingiti hakipo tena, bibi. Pameshamwagwa zege, ghorofa inapanda."

Bibi alianza kusoma dua kimoyomoyo. Yule bwana akatutazama mmoja mmoja. "Sasa nilipeleke wapi?"

Nimeandika humu mara nyingi kwamba mambo hayo siyaamini. Lakini pete ya mke wangu ilikuwa palepale kauntani, imegusana na kile kijisanduku, na mpaka leo sijaifuata.