Kengele ya Susu Kalunde

Mwaka wa 1987 Mbinya alikuwa na vitu viwili tayari: maumivu ya mgongo na barua ya kuacha kazi. Alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee ya kanisa, karibu na soko la Tulia. Barua ilikaa kwenye mfuko wa aproni, ikimngoja mwangalizi wa nyumba arudi Ijumaa.

Aliyemchosha hakuwa mgonjwa. Alikuwa Susu Kalunde, bibi wa miaka themanini, mzima kabisa, mwenye kengele. Alipiga aletewe maji, akapiga maji yaondolewe. Alipiga kuuliza kama amepiga.

"Nakuja, susu, nakuja!" Mbinya alijibu akikimbia. "Kwani niko na miguu ngapi?"

Sheria ya nyumba ilikuwa wazee wapumzike. Lakini mwanamke aliyelima na kuchota maji miaka sitini, ukimwambia apumzike umemtukana.

Jumatatu, kazi zilipopungua, Mbinya aliketi barazani na katani, aanze kiondo cha kubebea nguo zake akishaacha kazi. Kalunde akamtazama. Akasonya.

"Wewe mwiitu, msichana wewe, hiyo ni kiondo ama ni kiota ya kuku?"

Akakinyakua, akakifumua chote, akapandisha leso na kuanza kusokota uzi pajani. Kufikia saa sita bibi wengine wanne walikuwa wamesogeza viti, kila mmoja akimcheka Mbinya. Mzee Nzuki, kwa kuwa mwanamume hagusi kiondo, alijiteua mkaguzi wa katani, akawa anaikataa yote.

Jumanne kengele haikulia. Mbinya akakimbia roho mkononi, akijua Mungu amemchukua Kalunde. Alimkuta akimgombeza Nzuki, macho yakimeremeta. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, Mbinya alikunywa chai yake ikiwa moto, na mgongo ukasahau kuuma.

Ijumaa mwangalizi alirudi. Wakati huo Mbinya, aliyerudishiwa kiondo akisuke upya, alikuwa amefika pale kitako cha kiondo kinapokunjwa kuwa ubavu, nyuzi zimemshinda, na Kalunde yuko ng'ambo ya ua akisuta watu. Mbinya akagundua kwamba hataki kuondoka tena, na hilo likamuudhi, maana barua ile aliiandika mara tatu. Aliiacha mfukoni, ikaja kufuliwa pamoja na aproni. Akachukua kengele ya Kalunde iliyosahaulika dirishani, akaipiga kwa nguvu zake zote.

"Nakuja, nakuja!" Kalunde akaitikia, akijikokota na mkongojo, uso umemjaa furaha. "Kwani niko na miguu ngapi?"