Jina Lililobaki Kwenye Simu

Niliisikia kabla sijaiona: simu ikiita nyuma ya mlango wa mapokezi, ikinyamaza, ikianza tena. Nilikuwa kwenye korido nimekumbatia maboksi matupu, na nilifurahi. Simu zangu zilikuwa hai.

Wakati ule nilikuwa naandika riwaya asubuhi, na mchana nafanya kazi za kompyuta ili nile. Kituo kimoja cha afya upande wa Bangwe kiliniita niwafungie simu mpya za mezani, zile zinazopita kwenye intaneti. Simu ya namna hiyo ikitoka kwenye boksi haijui chochote. Ukiichomeka, inaiuliza seva: mimi ni nani? Seva inatazama namba ya kifaa, ileile iliyobandikwa chini ya tumbo lake, inatafuta faili lenye namba hiyo, kisha inaijibu: namba yako ya ndani ni hii, lugha yako hii, jina lako hili. Kazi yangu ilikuwa kuandika majibu hayo mapema, faili moja kwa kila simu.

Nikapita njia ya mkato. Nililikuta faili la simu ya zamani ya chumba cha kujifungulia, kazi ya fundi aliyenitangulia, halina kosa hata moja. Nikalinakili kwa simu zote, nikawa nabadilisha mistari. Lile la chumba chenyewe nilibadilisha namba ya kifaa tu. Kwenye mstari wa jina, fundi yule hakuandika chumba. Aliandika jina la mkunga. Ndivyo tusemavyo huku kwetu: hatupigi leba, tunampigia mama fulani. Nililiona jina la mwanamke wa Ujiji, nikapita. Sikujua kwamba amefariki. Sikujua kwamba mzee wa mapokezi ndiye mumewe.

Nilipousukuma mlango alikuwa amekaa mbele ya simu, mikono magotini.

"Shikamoo, Mzee. Mbona hupokei?"

Alikuwa anakitazama kioo cha simu. Jina la mkewe lilikuwa linawaka pale, linazimika, linawaka.

Nikapokea mimi.

"Mara ya nne hii!" Muuguzi wa leba alikuwa anapiga kelele. "Mama anatoka damu huku, daktari yuko wapi?"

Nilikimbia kumwita.

Yule mama alipona. Nasema hili mapema kwa sababu siku ile nilikaa muda mrefu bila kulijua, na muda ule bado sijatoka ndani yake.

Baadaye muuguzi alikuja, jasho halijamkauka. "Fundi, umeletwa hapa kufunga simu au kufufua watu?" Akamgeukia mzee. "Na wewe, babu, umejianika hapo kama dagaa!"

"Usimgombeze mtoto wa watu," mzee alisema. "Simu iliita. Mimi ndiye sikupokea."

Muuguzi alipoondoka nilifungua kompyuta. "Nisamehe, Mzee. Nalifuta jina sasa hivi."

"Subiri." Akaigeukia tena simu. "Arobaini tuliisoma. Kanga zake tukagawa, na viatu. Hata kikombe chake cha uji, dada yake alikichukua akaenda nacho Kasingirima. Hili jina hatukuligawa. Liache, mwanangu. Nitazoea."

Nilitaka kukubali. Mungu anajua nilitaka.

"Na kesho mama mwingine akitoka damu?" nikamuuliza.

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kutikisa mabati. Mzee aliutazama mkono wake wa kulia kama kitu alichoachiwa na mtu akishike.

"Leo mkono huu umekataa kunyanyuka," alisema. "Futa. Ila anipigie mara moja kwanza."

Nikaenda leba. Kitanda kilikuwa kimeshafutwa, sakafu bado mbichi, inanuka dawa. Nilibonyeza namba ya mapokezi. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tatu.

Akapokea.

Sikusema neno, halikuwa langu la kusema. Nilisikia pumzi yake, nikaizuia yangu, na bado kulikuwa na pumzi nyingine katikati yetu. Najua ilikuwa mvumo wa waya. Kila nikiiandika hivyo, naona kama nimesema uongo.

"Haya," alisema mwishowe. "Nimepokea."

Kwenye mstari ule wa faili nikaandika jina la chumba. Nikaizima simu, nikaiwasha. Taa yake ikapepesa. Iliuliza swali lake lilelile, safari hii ikajibiwa vingine.

Niliporudi mapokezi, aliyekuja kumpokea zamu alikuwa ameshakaa kitini. Mzee alikuwa amevaa kofia yake, chupa ya chai iko kwapani.

"Tuonane kesho, Mzee."

"Inshallah."

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, huku amekishika kitasa kisilie, kama mtu anayemwacha mwenzake amelala.